Omani kwa gari: Tulikwenda kutazama wakati macho bado yanaona

Katika familia nyingi za kwetu, mtu akitangaza kwamba anasafiri nje ya nchi huulizwa kwanza: ni matibabu, masomo, biashara au Hija? Akijibu kwamba anakwenda kutazama tu, watu hutazamana. Kutembea kwa ajili ya kutembea tumewaachia Wazungu wenye kamera shingoni. Wazee wawili wenye mvi wakodi gari katika nchi ya watu, wazunguke siku nane bila kwenda msibani wala harusini? Kwa wengine hiyo ni dalili kwamba fedha imezidi au akili imepungua.

Kwetu fedha haikuzidi. Mume wangu ni mwalimu mstaafu, mimi ni fundi cherehani mwenye duka dogo. Sababu ya safari yetu ilikuwa macho.

Mwaka juzi nilianza kuona mzee wangu akigonga bega la kushoto kwenye fremu za milango. Barabarani akawa analalamika kwamba bodaboda za siku hizi zinatokea ghafla, na kila mara zilitokea upande uleule. Tulipokwenda kupima tukaambiwa ni presha ya macho, na jicho la kushoto ndilo lililoathirika zaidi. Daktari alitueleza bila kuzunguka. Ugonjwa huu huharibu mshipa wa fahamu unaotoka kwenye jicho kwenda kwenye ubongo. Huanza kula pembeni, taratibu, mara nyingi bila maumivu, ndiyo maana mtu hushtuka umeshakwenda mbali. Kilichokwisha kupotea hakirudi. Matone ya dawa kila siku hushusha presha ili kilichobaki kidumu. Kisha akamwambia aache kuendesha gari.

Mume wangu ameendesha gari miaka 34. Tulirudi nyumbani na teksi, na siku nne hakuzungumza sana. Siku ya tano, tukiwa mezani, akasema: "Mama, kama macho yana mwisho, nataka yafanye kazi kwanza."

Watoto walipinga. Tulikuwa na akiba ya kujenga ukuta wa nyumba, na mkubwa wao akasema wezi hawangoji mtu arudi matembezini. Baba yake akamjibu, "Ukuta nitaupapasa hata nikiwa kipofu." Mjadala ukaishia hapo.

Kwa nini Omani

Kuchagua nchi hakukuwa kugumu. Mume wangu alizaliwa kwenye delta ya Rufiji. Marehemu baba yake alikuwa mkata boriti. Alikuwa akikata mikoko, akiibeba mabegani mpaka kwenye kina cha maji na kuipakia kwenye majahazi yaliyokuja na upepo wa Kaskazi na kuondoka na Kusi. Majahazi yalileta tende, chumvi na papa mkavu, yakarudi na boriti za kuezekea nyumba kule Uarabuni ambako miti mirefu ni adimu. Utotoni mume wangu alisikia jina moja likitajwa mara kwa mara, Sur. Hakujua kama ni mji, mtu au aina ya jahazi. Alipokuja kufundisha jiografia ndipo alipouona kwenye ramani, kwenye ncha ya mashariki ya Omani.

Sababu ya pili ilikuwa ya kidereva. Dereva ningekuwa mimi, na barabara za Omani zinasifika. Sultani Qaboos aliposhika nchi mwaka 1970, husimuliwa kwamba lami yote ilikuwa kama kilomita 10 tu. Leo barabara pana inapanda mpaka milimani. Na sababu ya tatu ni lugha. Wako Waomani wengi waliozaliwa Zanzibar na mwambao, au wazazi wao walizaliwa huko. Baadhi waliondoka baada ya Mapinduzi ya 1964, wengine waliitikia wito wa kurudi kujenga nchi baada ya 1970. Kiswahili walikwenda nacho.

Kipilefti ya kulia

Tulifika Maskati Jumamosi jioni, mwezi wa Januari, wakati hali ya hewa ni ya kupendeza. Mtu asiende kutembea huko Juni au Julai, joto litamla.

Asubuhi yake tulikwenda kwenye Msikiti Mkuu wa Sultan Qaboos, uliofunguliwa mwaka 2001. Wageni wasio Waislamu huruhusiwa kuingia asubuhi, isipokuwa Ijumaa, na mwanamke hufunika nywele na kuvaa nguo ndefu. Ukumbi wa sala umetandikwa zulia la kipande kimoja lenye zaidi ya mita za mraba 4,000, lililofumwa kwa mikono na wanawake wa Irani. Juu yake inaning'inia taa ya vioo yenye urefu wa mita 14. Mume wangu alisimama katikati na kuinua uso. Baadaye aliniambia kwamba pale aliiona taa yote kwa mara moja, kwa sababu ilikuwa juu yake na si pembeni. Toka hapo nikajua namna ya kumsimamisha mahali. Kila tulipofika pa kutazamwa, nilimtafutia pa kusimama ambapo kitu kitakuwa mbele yake, na mbali kidogo.

Mchana tulikuwa soko la Mutrah, karibu na bandari. Pembeni ya ghuba ya Maskati ya zamani zimesimama ngome mbili juu ya majabali, Jalali na Mirani, zilizojengwa na Wareno. Aliyekwisha kuiona Fort Jesus ya Mombasa atawatambua mafundi wale. Waomani waliwafukuza Wareno Maskati mwaka 1650, wakawafuata hadi Mombasa na kuiteka ngome hiyo mwaka 1698 baada ya kuizingira kwa karibu miaka mitatu.

Sokoni, mzee wangu aliinama kunusa ubani, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu anatupiga bei." Muuzaji, mzee mwenye kofia ya Kiomani na ndevu nyeupe, akamjibu palepale: "Sikupigi, bwana. Huu ni wa Dhofar, si wa mchanganyiko. Nusa tena." Tulicheka wote watatu, na ubani tukanunua kwa bei yake.

Gari liliningoja Jumatatu. Omani wanaendesha kulia, na usukani uko kushoto. Nilichukua gari dogo la otomatiki ili mkono wa kulia usihangaike na gia. Saa nzima ya kwanza nilizunguka mitaa ya nyuma ya hoteli kabla ya kwenda barabara kuu. Kipilefti ndiyo iliyonichosha. Kwetu unaingia kushoto kama jina lake linavyosema. Kule unaingia kulia. Mume wangu akaipa jina jipya, kipiraiti, na kila tulipoikaribia alilitamka kwa sauti kama konda anayetaja kituo. Ulikuwa utani, lakini ulinisaidia.

Kilichokuwa kigumu zaidi kuliko kipilefti ni watu wawili ndani ya gari moja, mmoja akiwa dereva wa miaka 34 aliyenyang'anywa usukani na ugonjwa. Kilomita 40 za kwanza aliniongoza kila hatua. Punguza. Ongeza. Mpishe huyo. Mbona unashika breki? Nilisogeza gari kwenye eneo la kuegesha, nikazima injini. Nikamwambia nahitaji mambo matatu kutoka kwake: anisomee vibao vya mwendo, anitajie njia ya kutokea kabla hatujaifikia, na aangalie mbuzi na ngamia upande wa kulia. Mengine aniachie.

Alitazama mbele kwa muda. Kisha akasema, "Upande wa kulia naona vizuri." Nami nikagundua jambo ambalo hatukulipanga. Katika magari ya kwetu abiria wa mbele hukaa kushoto, na dirisha lake lipo upande wa jicho lake baya. Huku alikaa kulia, na dirisha lilikuwa upande wa jicho zima. Milima ya Hajar ilimpitia pale mmoja baada ya mwingine, ya kahawia na kijivu, bila mti, na akawa ananitajia rangi zake kwa sababu mimi sikuweza kuitazama. Bahari ilikuwa kushoto. Hiyo hakuiona tukiwa tunakwenda. Basi tukakubaliana kwamba kila baada ya saa moja tutasimama, tutashuka, na kuitazama bahari kwa miguu.

Sur, mji wa majahazi

Kutoka Maskati hadi Sur kwa njia ya pwani ni kama kilomita 200. Njiani tulisimama kwenye shimo la Bimmah. Ni shimo kubwa la mviringo kwenye mwamba wa chokaa, lenye maji ya kijani na bluu, na ngazi za kuteremkia. Wenyeji huliita mahali ilipoanguka nyota. Wataalamu wa miamba husema maji yaliula mwamba kwa chini hadi dari ikaporomoka. Mwalimu mstaafu alifurahia maelezo yote mawili.

Mbele zaidi ni magofu ya Qalhat, mji wa bandari ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2018. Lililobaki wima ni kaburi lenye jina la Bibi Maryam, mwanamke aliyetawala pale karne ya 14. Tulilitazama kwa mbali. Msafiri Ibn Battuta alipita mji huu, naye ndiye aliyefika Kilwa mwaka 1331 na kuusifia uzuri wake. Alitoka huku kwetu akaenda huko. Sisi tulikuwa tukifuata njia ya zamani sana.

Sur ni mji wa nyumba nyeupe kando ya hori. Karibu na maji kuna karakana ambayo bado inaunda majahazi ya mbao, na pembeni limewekwa jahazi moja kubwa liitwalo Fatah al-Khair, lililoundwa hapohapo Sur mwaka 1951. Liliuzwa likaenda Yemen, na mwaka 1993 watu wa Sur walichangishana na kulirudisha. Mume wangu alilizunguka taratibu, mkono wake ukiwa kwenye mbao. Mwaka 1951 baba yake alikuwa kijana wa boriti. Hakuna wa kutuambia kama jahazi lile liliwahi kutia nanga Rufiji, wala hatukumwuliza mtu. Alisema tu, "Yalikuwa makubwa hivi. Baba alikuwa anasema makubwa, mimi nikidhani anaongeza chumvi."

Tulikaa pale mpaka jua likaanza kushuka. Mimi nilikuwa naogopa kuendesha usiku, lakini sikumharakisha.

Kasa wa alfajiri

Usiku ule tulilala karibu na Ras al-Jinz, ufuo unaolindwa ambako kasa wa kijani hupanda kutaga mayai. Wageni huongozwa kwa makundi, usiku na alfajiri, na hairuhusiwi kuwasha mwanga wa kamera. Mzee alitaka kundi la usiku kama watu wengine. Lakini presha ya macho huifanya giza kuwa giza mara mbili, na mchanga pale una mashimo. Alikasirika kidogo. Alikubali alfajiri.

Kulikuwa na mwangaza wa kijivu tulipofika ufuoni. Alama za kasa zilionekana mchangani kama za tairi za trekta. Kisha watu wakanyamaza. Kasa mmoja mkubwa alikuwa anarudi baharini, akijikokota, akipumzika, akijikokota tena. Alipita kushoto kwetu, hatua kama kumi. Nilimtazama mume wangu. Alikuwa anatazama mbele, kwenye maji, anasubiri. Hakuwa amemwona.

Hilo ndilo jambo lililonipa uchungu kuliko yote katika safari nzima. Nyumbani tulikuwa tukiuzungumzia ugonjwa kwa maneno ya hospitali. Pale niliuona wenyewe: mnyama mkubwa kama meza, hatua kumi, na kwa mtu wangu hayupo. Nilimshika mabega nikamgeuza bila kusema neno. Akamwona. Akabana midomo. Tulisimama mpaka wimbi likambeba, na wakati wa kurudi hakuuachia mkono wangu.

Garini ndipo alipozungumza. "Kumbe ni kiasi hicho," akasema. Nikamjibu ndiyo, ni kiasi hicho. Halafu tukazungumza yale ambayo kwa mwaka mzima hatukuyagusa: nani atasoma barua za benki, hati ya kiwanja iko wapi, na kwamba hataki watoto wamsemee mbele ya wageni kana kwamba hayupo. Kilomita mia na zaidi za barabara tupu zilitutosha. Nyumbani kuna simu, kuna wageni, kuna taarifa ya habari. Ndani ya gari hakuna pa kukimbilia.

Bibi wa soko la Ibra

Jumanne jioni tuliacha gari letu mji wa Bidiya, tukachukuliwa na gari la kambi kuingia kwenye jangwa la Sharqiya, ambalo wengi huliita Wahiba. Ni mchanga mtupu wa zaidi ya kilomita za mraba 12,000. Tairi hupunguzwa upepo ili gari lisizame. Usiku nyota zilijaa mpaka chini. Nilimwuliza kama anaziona. "Zile kubwa," alisema. Tukahesabu zile kubwa.

Jumatano tulikuwa Ibra, na siku hiyo huwa na soko la wanawake. Wauzaji ni wanawake, wanunuzi ni wanawake, mwanamume haingii. Mzee wangu alibaki nje kwenye kivuli na kikombe cha kahawa chungu. Ndani kulikuwa na vitambaa, wanja, manukato, udi na vyombo, na kwa fundi cherehani kama mimi hapo ni peponi.

Familia nyingi zilizokwenda Zanzibar zilitoka pande hizi za Sharqiya. Nilikuwa nikihesabu fedha kwa sauti, maana riyali moja ina baisa 1,000 na inazidi dola mbili na nusu, nikasikia bibi mmoja ananiuliza, "Watoka wapi, mwanangu?" Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa kuivuta, macho yakamjaa furaha. Alizaliwa Unguja. Aliuliza kama Darajani bado wanauza mbilimbi, na kama mvua za masika zinakuja kwa wakati. Nilimjibu kadiri nilivyoweza. Kisha akauliza mume wangu yuko wapi, na gari anaendesha nani. Nikamweleza habari ya macho.

Alikunja kitambaa nilichonunua, akasema: "Mimi marehemu bwana ndiye aliyekuwa akinisomea kila kitu. Alipofariki ndipo nikaenda darasa la watu wazima. Ningejifunza naye yuko hai, angefurahi." Akanipa kipande cha halwa kwenye karatasi nimpelekee mzee. Ni halwa ileile ya Zanzibar, yenye hiliki na zafarani. Mzee aliimaliza kabla sijamaliza kusimulia.

Nizwa, maji yenye zamu

Siku tatu za mwisho tulikuwa Nizwa, mji wa zamani wa maimamu. Ngome yake ina mnara mnene wa duara uliojengwa karne ya 17, wakati wa Imamu Sultan bin Saif, na husemwa ulichukua miaka 12. Ngazi zake ni nyembamba, zina giza, zina milango na mashimo ambayo walinzi walimwagia adui asali ya tende iliyochemka. Nilitangulia, mume wangu akaweka mkono begani kwangu, na kila kidaraja nilikitaja. Juu, misitu ya mitende ilienea mpaka chini ya milima. Alikaa nusu saa akiitazama. Kijana wa Kiomani alimletea kiti bila kuombwa.

Mimi kilichonigusa Nizwa ni mifereji, waiitayo falaj. Ni mifereji ya kale inayoleta maji kutoka chini ya ardhi na milimani hadi mashambani kwa mteremko tu, bila pampu. Mitano kati yake, ukiwemo Falaj Daris wa Nizwa, iliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kila shamba lina zamu yake, na zamani zamu ilipimwa mchana kwa kivuli cha jua na usiku kwa nyota. Mimi ni mtu wa Kilimanjaro, nimekulia kando ya mfongo, na najua zamu ya maji ni nini. Bibi yangu aliamka usiku wa manane kufungulia maji ya migomba, kwa sababu zamu ikikupita imekupita, hakuna wa kukurudishia. Nilimsimulia mume wangu habari hizo tumekaa miguu majini. Tumeoana miaka 31, na hakuwahi kuzisikia.

Ijumaa asubuhi tulitazama mnada wa mbuzi, ambapo wauzaji huzungusha wanyama kwenye duara huku wakitaja bei kwa sauti. Baadaye tulikodi gari lenye dereva kupanda Jabal Akhdar. Polisi chini ya mlima huruhusu magari ya kuvuta kwa magurudumu yote manne peke yake, kwa kuwa mteremko ni mkali. Kule juu, kwenye mita kama 2,000, kuna matuta ya mawe yaliyopandwa mikomamanga na mawaridi, kwa namna inayomkumbusha mtu Lushoto. Januari mawaridi hayajachanua, msimu wake ni kuanzia Machi. Mzee alisema hata majani yanatosha.

Kwa wanaofikiria safari kama hii

Tuliendesha zaidi ya kilomita 800, na Jumamosi tulirudisha gari bila mkwaruzo. Wasomaji walio katika hali kama yetu, nawaachia machache.

Mkiwa na mgonjwa wa macho, pangeni safari kwa mwanga. Fikeni mnapolala kabla ya magharibi. Dawa ya matone ikae kwenye mkoba wa mkononi, ikingwe na joto la gari, na simu iwekewe kengele ya kukumbusha, maana safari husahaulisha. Chupa ya pili ikae kwenye mfuko wa mwenzake.

Chukueni leseni ya kimataifa kabla ya kuondoka. Kule mwendo wa barabara kuu mara nyingi mwisho wake ni kilomita 120 kwa saa, na kamera ni nyingi. Mvua ikinyesha milimani, msivuke bonde lenye maji hata kama wenyeji wanavuka.

Na jambo kubwa kuliko yote: presha ya macho hutembea kwenye ukoo. Tuliporudi, watoto wetu watatu na wadogo wawili wa mume wangu walikwenda kupima. Mdogo wake mmoja amekutwa nayo ikiwa changa, hajapoteza chochote, na ameanza dawa. Aliyevuka miaka 40 asingoje kugonga milango.

Nyumbani, usukani sasa ni wangu. Mzee hukaa kushoto, na kwa sababu dirisha lile halimfai tena, hugeuka kidogo kwenye kiti na kutazama upande wangu. Vibao bado ananisomea. Ukuta haujajengwa. Tumeanza kuweka akiba upya, na mwaka huu tumekubaliana kwanza twende Rufiji kwa boti, wakati wa jua, anioneshe ilikokuwa mikoko ya baba yake.